Mtungi wa tatu si wa kwenda mbali, ni nauli ya kurudi

Hali hii unaijua. Ni Jumapili jioni, chapati ya tano iko kwenye kikaangio, mara moto unageuka rangi, unatetemeka kidogo, unazima. Gesi imeisha. Unautikisa mtungi kana kwamba utakuhurumia, kisha unampigia simu jamaa wa duka la gesi. Boda analeta mwingine, unalipa kwa M-Pesa, maisha yanaendelea. Hasara yako ni chapati moja iliyobaki mbichi.

Sasa jiweke mita 30 chini ya bahari, au ndani ya pango lililojaa maji ambapo ukiangalia juu huoni anga, unaona mwamba. Huko hakuna boda. Kama hewa yako imeisha, kilichobaki ni kile ulichobeba mwenyewe au kile mwenzako yuko tayari kukugawia.

Ndiyo maana kuna wapiga mbizi wanaoshuka majini na mitungi miwili, mitatu, hata minne, imening'inia ubavuni kama mizigo ya boda anayetoka Gikomba. Ukiwaona kwenye video unaweza kudhani ni mbwembwe tu. Kumbe kila kamba, kila kulabu na kila mpira una sababu yake, na nyingi ya sababu hizo zilipatikana kwa watu kupoteza maisha.

Ikiwa umewahi kuota kuwa mpiga mbizi, iwe ni kazi ya kupeleka watalii Watamu na Diani au ni raha zako tu, soma hadi mwisho. Hesabu iliyomo humu itakufaa hata usipowahi kulowa.

Kwa nini ubavuni, si mgongoni?

Mpiga mbizi wa kawaida hubeba mtungi mmoja mgongoni. Mtindo wa kuiweka mitungi ubavuni, ambao wenyewe wanauita saidimaunti, ulizaliwa kwa sababu ya mapango membamba.

Uingereza ndiko mambo yalikoanzia. Watu walianza kupiga mbizi katika pango la Wookey Hole mwaka 1935, na kufikia miaka ya 1960 baadhi ya wapiga mbizi wa mapangoni walikuwa wameanza kuhamisha mitungi kutoka mgongoni hadi ubavuni. Mapango yao yana sehemu kavu za kutambaa kwa tumbo, kisha kidimbwi, kisha kutambaa tena. Ukiwa na mtungi mgongoni unakwama kama mtu anayejaribu kuingia matatu iliyojaa akiwa na begi kubwa. Ukiwa nao ubavuni, unakuwa mwembamba. Pakibana zaidi, unaufungua mtungi na kuusukuma mbele yako.

Baadaye wapiga mbizi wa Florida, Marekani, ambako mapango ni marefu na yamejaa maji kabisa, waliuboresha mtindo huo. Unajua walifungia nini shingo za mitungi ikae karibu na kwapa? Tyubu za baiskeli. Naam, blada, kama zile ambazo boda wako hufungia kreti za soda. Leo kuna kamba maalumu za mpira madukani, lakini wazo ni lile lile.

Kuna faida ya pili ambayo wengi hawaitambui hadi mgongo uwaume. Mtungi wa alumini wa lita 11, ambao ndio wa kawaida, ukijazwa na kuwekewa vali na regulata unakuwa na kilo 17 hivi. Mitatu inakaribia gunia la saruji. Kwa mtindo wa ubavuni huna haja ya kuibeba yote kwa mpigo. Unaipeleka mmoja mmoja hadi majini, kisha unaifunga ukiwa tayari unaelea.

Hebu tupige hesabu

Mtungi wa lita 11 ukijazwa hadi baa 200 una takriban lita 2,200 za hewa. Ukiwa umetulia juu ya maji, unaweza kutumia lita 20 kwa dakika. Kwa hivyo mtungi utakutosha dakika 110. Karibu saa mbili, sivyo?

Ngoja kwanza. Kila mita 10 unazoshuka, shinikizo la maji huongezeka kwa baa moja, na kila pumzi unayovuta inahitaji hewa zaidi. Ukifika mita 30, ambako meli ya MV Dania iliyozamishwa kwa makusudi mwaka 2002 karibu na Bamburi imelala, shinikizo ni mara nne ya lile la juu. Sasa unatumia lita 80 kwa dakika. Zile dakika 110 zimekuwa 27, na hujahesabu safari ya kupanda.

Hapo ndipo sheria ya theluthi inapoingia. Fikiria unatoka mtaani kwenda tao na shilingi 300. Mia moja ni ya kwenda. Mia moja ni ya kurudi. Mia ya mwisho huigusi, kwa sababu mvua ikinyesha makanga atapandisha nauli, au rafiki yako ataibiwa na itabidi umlipie. Mpiga mbizi wa mapangoni anaigawa hewa yake vivyo hivyo: theluthi ya kuingia, theluthi ya kutoka, theluthi ya dharura. Na kama ilivyo nauli siku ya mvua, pumzi nayo hupanda bei ukipata hofu. Mtu aliyetulia akitumia lita 20, aliyeshikwa na wasiwasi anaweza kutumia mara mbili ya hizo bila kujua.

Sheria hii haikuletwa na mtu mwoga. Mwaka 1979 Mmarekani Sheck Exley, mmoja wa wapiga mbizi mahiri wa mapangoni wa wakati wake, alichapisha kijitabu baada ya kuchambua ajali moja baada ya nyingine. Aliona makosa yale yale yakijirudia: watu waliingia bila kamba ya mwongozo ya kuwarudisha mlangoni, walishuka kina kisichowafaa, na hawakuacha hewa ya kutosha ya kurudi. Exley mwenyewe alifariki mwaka 1994 akijaribu kushuka hadi kina kikubwa mno katika shimo la Zacatón, Mexico. Hii si michezo inayoheshimu jina lako.

Sasa tazama uzuri wa mitungi miwili ya ubavuni. Tuseme kila mmoja una baa 210, jumla 420. Unapoingia unatumia baa 70 kutoka kila mtungi, ukibadilisha kipumulio mara kwa mara ili mitungi ipungue kwa usawa. Ukifika mwisho wa safari, kila mtungi una 140. Halafu balaa: regulata ya mtungi mmoja inaharibika na hewa yote inatoroka. Umebaki na mtungi mmoja wenye 140. Kuingia ulitumia ngapi? Sabini mara mbili, 140. Una nauli kamili ya kurudi, hakuna cha juu wala cha chini.

Ndiyo sababu anayepiga mbizi kwa mtindo huu haachi mtungi mmoja uishe kwanza kisha ahamie wa pili. Akifanya hivyo, hesabu yote inakufa.

Jinsi ya kuufunga wa ziada

Mitungi miwili ya msingi hushikwa sehemu mbili. Chini, kuna kulabu iliyofungwa kwa klampu ya chuma, kama ile mekanika anayobania bomba la rejeta. Kulabu hiyo inanasa kwenye pete iliyo nyuma ya kiuno. Juu, kamba nene ya mpira inatoka mgongoni, inapita kwapani na kuishika vali. Mtungi ukikaa sawa unalala sambamba na mwili wako, kutoka kwapani hadi pajani, wala haudundi wala kuning'inia.

Mtungi wa tatu hufungwa tofauti kidogo, kwa sababu huu unatakiwa uweze kutoka na kurudi safarini. Unachukua kamba imara, unaipitisha ndani ya kipande cha bomba la mpira ili kiwe mpini wa kushikia. Mwisho mmoja unafungwa shingoni mwa mtungi pamoja na kulabu. Mwisho wa pili unafungwa kwenye klampu iliyozunguka tumbo la mtungi, nao una kulabu yake. Ukiwa majini, kulabu ya juu inakwenda kwenye pete ya kifuani, ya chini kwenye pete ya kiunoni.

Kuna mambo manne ambayo mwalimu mzuri hatakuachilia.

La kwanza, kulabu haifungwi chuma kwa chuma. Lazima kuwe na kamba katikati. Chumvi na mchanga huigandisha kulabu, na siku itakapokataa kufunguka utahitaji kitu ambacho kisu kinaweza kukata. Chuma hakikatiki.

La pili, tumia kulabu yenye kijiti cha kuvuta kwa kidole gumba, si ile ya kubofya inayojifungua yenyewe ikigusa kitu. Hiyo ya pili hunasa kamba ya mwongozo bila wewe kujua na kukufunga kama samaki. Wapiga mbizi wameipa jina linalotosha kukuonya: kulabu ya kujiua.

La tatu, regulata ya mtungi wa ziada haiachwi ikipepea. Mpira wake unakunjwa na kubanwa kwenye mtungi kwa vipande vya blada. Vali inafunguliwa ili mpira ujae hewa, kisha inafungwa. Ukiiacha wazi, kipumulio kinaweza kuanza kuvuja nyuma yako, na mtungi ulioutegemea unaishia kuwa chuma kitupu.

La nne linawashangaza wengi: mtungi hubadilika tabia. Hewa ina uzito, na ile iliyo ndani ya mtungi wa lita 11 uliojaa ina uzito wa zaidi ya kilo mbili na nusu. Mtungi wa alumini ukiwa umejaa huzama kidogo. Ukikaribia kuisha, huanza kuelea, na kitako chake kinainuka kama mkia wa bata. Unakugonga, unakupindua, unakuvuruga mwendo. Dawa yake ni kuhamisha kulabu ya chini hadi pete iliyo mbele zaidi, ili mtungi urudi kulala sawa. Anayejua hili hufanya bila kufikiri. Asiyejua anaanza kupigana na mtungi, anapumua kwa kasi, na ile nauli inaanza kuliwa.

Hewa iliyo salama hapa, sumu pale

Si kila mtungi una hewa ya kawaida. Anayekaa kina kirefu mwili wake unafyonza naitrojeni, na akipanda haraka inatoa mapovu ndani ya damu. Inabidi apande kwa vituo. Ili vituo hivyo visichukue muda mrefu mno, anabeba mtungi wa ziada wenye oksijeni nyingi kuliko hewa ya kawaida.

Shida ni kwamba oksijeni nyingi ikipumuliwa kina kirefu inageuka sumu. Mchanganyiko wenye oksijeni asilimia 50 mwisho wake ni mita 21. Oksijeni tupu mwisho ni mita 6. Ukizidisha, unaweza kupata degedege ghafla, kipumulio kinakutoka mdomoni, na ukiwa chini ya maji hilo linamaanisha kufa maji.

Kwa hivyo kila mtungi wa ziada huandikwa kina chake cha mwisho kwa tarakimu kubwa ubavuni, mahali ambapo mwenzako anaweza kusoma. Kabla ya kubadilisha unatazama kina ulichopo, unasoma mtungi, unafungua vali, unaufuata mpira kwa mkono kutoka kwenye mtungi hadi kwenye kipumulio, na mwenzako anathibitisha. Ndipo unapovuta pumzi. Sekunde chache za kujithibitishia, ingawa umefanya hivyo mara mia.

Waliobeba hewa ya wengine

Pengine unakumbuka Juni 2018, wavulana 12 wa timu ya kandanda na kocha wao walipokwama ndani ya pango la Tham Luang, Thailand, mvua ilipolifurika. Walioingia na kuwapata wakiwa hai Julai 2 walikuwa Waingereza wawili, Rick Stanton na John Volanthen. Hawakuwa wanajeshi. Stanton alikuwa mzima moto mstaafu, Volanthen mtaalamu wa kompyuta, na kupiga mbizi mapangoni ilikuwa hobi yao ya wikendi. Mitungi yao ilikuwa ubavuni.

Ila kuwapata ilikuwa nusu ya kazi. Kuingia na kutoka kulichukua saa nyingi, na hakuna mtu angeweza kubeba hewa ya safari nzima. Ilibidi mitungi ipelekwe na kuachwa njiani, kituo baada ya kituo, ili waokoaji na watoto waikute.

Saman Kunan alikuwa mmoja wa waliofanya kazi hiyo. Alikuwa ameshaondoka katika kikosi maalumu cha wanamaji wa Thailand, akarudi kujitolea. Usiku wa kuamkia Julai 6 aliingia kupeleka mitungi. Aliiweka. Akiwa njiani kurudi, alipoteza fahamu majini, na mwenzake hakuweza kumfufua. Kuanzia Julai 8 hadi 10, wavulana wote 12 na kocha wao walitolewa wakiwa hai.

Soma tena sehemu hiyo polepole. Aliyekuwa akisambaza hewa ndiye hakurudi. Tunaposema mtungi wa ziada, tunazungumza juu ya kitu ambacho mara nyingi si chako. Ni cha yule utakayemkuta mbele, au cha mwenzako nyuma, au cha wewe wa baadaye ambaye mambo yamemwendea mrama.

Na hapa kwetu?

Septemba 29, 2019, gari lililokuwa na mama na bintiye liliteleza kutoka kwenye feri Likoni. Lilitolewa Oktoba 11. Kwa siku zote hizo wengi wetu tulikuwa kwenye simu tukiuliza: kwani ni ngumu aje? Si waingie tu?

Gari lilikuwa kina cha mita 58. Sasa unaweza kupiga hesabu mwenyewe. Mita 58 ni shinikizo la karibu mara saba. Lita 20 kwa dakika zinakuwa zaidi ya 130. Ule mtungi wa dakika 110 unaisha kwa dakika 16. Toa muda wa kushuka, wa kupanda kwa vituo, na theluthi ya dharura: zinabaki dakika za kuhesabu kwa vidole, katika maji yenye giza na mikondo mikali, meli zikipita juu. Hapo hata mitungi ya ziada haitoshi kwa kubeba tu. Inahitaji mpango, watu juu na chini, na mtu mwenye ujasiri wa kusema leo hatushuki.

Kabla hujajifunga mtungi wa pili

Kama bado una hamu, vizuri. Ila usikimbilie mitungi. Kozi ya kwanza ya kimataifa inakuruhusu hadi mita 18 ukiwa na mtungi mmoja. Inayofuata ni mita 30. Mwisho wa kupiga mbizi kwa burudani ni mita 40, na mapango yana mafunzo yake kando kabisa. Saidimaunti ina kozi yake, na mtungi wa tatu huja baada ya hapo, ukiwa umezoea miwili hadi unaifunga na kuifungua ukiwa umefumba macho. Fanyia mazoezi kwenye kidimbwi cha kuogelea au maji mafupi, si penye kina.

Mitungi ya mitumba? Angalia tarehe ya kupimwa iliyogongwa kwenye shingo. Kama haipo au imepita muda, mwachie mwenyewe, hata bei ikiwa tamu namna gani. Na mwalimu akikuambia kina hakina shida bora muwe na mitungi mingi, mshukuru kwa heshima na utafute mwingine.

Maana mtego wenyewe ni huu. Mtungi wa tatu ukiufunga, unahisi tajiri. Unasema, acha niingie mita 50 zaidi, si nina hewa? Papo hapo mtungi huo umeacha kuwa wa ziada. Umeuhesabu kwenye safari ya kwenda, na sasa uko mbali zaidi na mlango, una vyuma zaidi vinavyoweza kuharibika, mwili wako unavuta maji mengi zaidi na unapumua zaidi. Umebeba hewa nyingi na bado huna akiba.

Tunaifanya nchi kavu kila mwezi. Mshahara unaongezwa, tunahamia nyumba ya kodi kubwa zaidi, na ikifika tarehe 20 tunakopa nauli. Tofauti ni kwamba huku juu Fuliza ipo. Kule chini, ukiutazama geji na kuona umebaki na theluthi mbili, hujadili wala hulalamiki kwamba pango ndiyo limeanza kunoga. Unainua kidole gumba kumwonyesha mwenzako, naye bila swali anageuka nawe kuelekea mlangoni.